Babu wa Mgebuka

Mume wangu ni mchekeshaji, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Kaeni nyie na mchekeshaji nyumba moja, ukiumwa jino anacheka, ukiunguza maharage anakuchora, halafu mje mniambie.

Anaitwa Thobias, ni mchora mabango pale Mwanga, Kigoma mjini. Saluni, bucha, fundi simu, usitupe taka hapa, yote hayo ni mkono wake. Ndiyo kazi inayotulisha, pamoja na migebuka, samaki wa ziwa letu, ninaowakaanga mimi kila jioni kando ya soko. Lakini kazi anayoipenda kutoka moyoni ni katuni. Anazichora kwenye karatasi ngumu, anazipiga picha kwa simu, anazituma kwa gazeti moja la Dar. Gazeti likizikataa anazirusha kwenye makundi ya Wasap, na huko hakuna anayekataa kitu.

Anachora nini? Uhamiaji. Mpaka, vibali, maafisa wenye matumbo, na sisi watu wa Kigoma tunavyohojiwa. Mnajua ilivyo: Mha akitoka nje ya mkoa wake, akifungua mdomo tu, anaulizwa kama si Mrundi. Thobias mwenyewe, ambaye babu zake wote wamelala Kasulu, alishawahi kushushwa kwenye basi akaambiwa ataje mito ya Tanzania. Akaitaja, akaongeza na mmoja wa kutunga, wakamwachia. Alirudi nyumbani na hasira zake, na kabla hajala akawa ameshachora afisa mwenye ramani, kakunja suruali magotini, anautafuta ule mto usiokuwepo.

Baada ya hapo hakushikika. Alichora familia ya Kagunga, kijiji cha mpakani, inakula ugali, mstari wa mpaka umepita katikati ya sufuria, na afisa anamwonya bibi kwamba akichota upande wa pili awe na pasipoti. Alichora kuku aliyevuka mpaka akataga, wanabishana yai ni raia wa wapi. Watu walicheka mpaka basi. Hata mimi nilicheka, nisiwe mnafiki.

Lakini jamani, kuna tofauti. Thobias akiulizwa ana majibu, kisha anarudi nyumbani kuchora. Mimi majibu sina.

Jina langu ni Ciza. Kwetu mtoto anayefuata mapacha ndiye Ciza, awe wa kike au wa kiume, na hilo ni hivyo hivyo kwa Waha na kwa Warundi. Nilizaliwa Mwamgongo, ziwani kule unakofika kwa boti. Nimesoma Mwamgongo, nimebatizwa Mwamgongo, ubwabwa wa harusi yangu umeliwa Mwamgongo. Ila mama yangu, Nkeshimana, yeye alikuja bado msichana, kavushwa kwa mtumbwi kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji ya kwao. Alipokewa ufukweni ameloa, akapewa uji, akakaa. Hakuna aliyemwandika popote. Amekufa hivyo hivyo, mtu asiyeandikwa, na akanizaa mimi nisiyeandikwa.

Miaka mingi hilo halikunisumbua. Unakaanga samaki, nani atakuuliza kitambulisho? Shida ilianza Catherine, binti yetu, alipoolewa Tabora akapata mtoto. Nilifunga mzigo wangu, dagaa, mawese, kanga mpya ya kumbebea mjukuu, nikapanda basi. Kwenye kizuizi njiani wakaingia maafisa, wakaomba vitambulisho. Walinishusha mimi peke yangu. Nilikaa kwenye benchi la mbao na dagaa wangu mapajani hadi lilipopita basi la kurudi, wakanipakia kama mzigo uliokosewa anwani.

Yule mtoto akaota meno nikiwa namwona kwenye simu. Akasimama, nikamwona kwenye simu. Catherine ananiambia, "Mama, anakufahamu, anakubusu kwenye kioo." Kioo! Nilikuwa nikikata simu naingia jikoni nalia. Thobias akiingia nasema ni vitunguu. Naye anasema, "Mama Catherine, leo tunapika vitunguu na nini?" Anacheka, anatoka.

Basi nikaomba kitambulisho. Ofisi siitaji kwa jina, nisije nikarudishwa mwisho wa foleni. Niliambiwa nisubiri kuitwa kwenye mahojiano.

Nikiwa nasubiri, ziwa likafungwa. Kila mwaka siku hizi nchi zote zinazolizunguka zinakubaliana, wavuvi wanapandisha mitumbwi, samaki wanaachwa wapumzike wazaliane. Nami nilikuwa na migebuka wa akiba, wa kuuza kidogo kidogo. Siku moja namkaangia Thobias, akamnyanyua mmoja kwa mkia, akamtazama, akasema, "Wewe umepumzishwa ukiwa nchi gani?" Nikamwona macho yanamng'aa. Aliacha chakula.

Katuni yenyewe wengi mmeiona, ilifika mbali. Mgebuka amesimama kwa mkia mbele ya meza ya afisa, kofia kaivua kaishika kwa mapezi, kwa adabu zote. Afisa anauliza swali lao la kila siku, "Babu yako alizikwa wapi?" Mgebuka anajibu, "Alikaangwa, afande."

Mwanga nzima ilicheka. Soko zima. Nikiweka kikaango jioni, wateja wananiuliza, "Mama, unamkaanga babu au mjukuu?" Veneranda, jirani yangu anayeuza nyanya, alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akaniangalia usoni akauliza, "Ciza, mbona wewe hucheki?"

Nikamwambia nimeshaizoea.

Uongo. Sikuwa nimeizoea. Mama aliniambia habari za babu mara moja tu, tukimenya muhogo, hata kisu hakukiacha. Babu yangu aliitwa Ntirampeba. Miguu ilikuwa imepooza. Siku waliyokimbia wanawe walitaka kumbeba, akakataa, akasema mkinibeba mtachelewa, tutakufa wote, nendeni. Walipokuwa kule juu kwenye migomba, wakaona nyumba inawaka. Mama alisema mlango ulifungwa kwa nje. Kisha akasema, "Hilo usilitoe nje," akaendelea na muhogo. Sikulitoa. Thobias anajua tu kwamba babu alifia kule. Hakuuliza zaidi, nami nilingoja aulize. Nimengoja, yoo! Catherine amezaliwa, amekua, ameolewa, mimi nangoja.

Hivyo katuni ile ilipokuwa inazunguka, nilikuwa mtu mpweke kuliko watu wote wa Kigoma. Unajua kukaa katikati ya watu wanaocheka kitu ambacho kwako ni msiba, na kitu chenyewe kimetoka kwenye kikaango chako? Simwombei mtu.

Nikaitwa. Veneranda alinifunda siku kadhaa, kwa sababu dada yake alishapita mle. "Maswali mengine ni ya kawaida," alisema, "swali la kaburi ndilo linaloangusha watu. Mwenye kaburi hapa ni wa hapa. Wewe sema Mwamgongo, karibu na kanisa. Usiongeze, usipunguze." Thobias naye akasema hivyo hivyo. Nikawa nakariri nikiosha vyombo, Mwamgongo, karibu na kanisa, kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Niliona aibu? Niliona. Lakini mjukuu wangu alikuwa ameanza kutembea.

Tulikwenda wote wawili, Thobias akiwa shahidi wangu. Tulipoingia, afisa mmoja mnene, mwenye uso wa bashasha, akainuka kwenye kiti. "Ala! Mchoraji wetu huyo!" Akamshika Thobias mkono kwa mikono miwili. Nikatazama ukutani nyuma yake. Mgebuka yule pale! Kachapishwa mkubwa, kawekwa kwenye fremu yenye kioo, juu kabisa ya kiti wanachokalia wao.

Mimi nilifikiri mtu ukimchora na tumbo lile atakasirika. Thubutu! Alikuwa amelipia fremu. "Hii inatuchangamsha," alisema, "watu wakiingia hapa wamekunja nyuso, wakiiona wanalegea." Thobias alitanuka kifua. Alikuwa ameichora ili wale wajione walivyo, nao walijiona wamependeza.

Nikakaa. Maswali yakaanza. Jina lako? La mama? La baba? Umesoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani, mwenyekiti wa kijiji? Nikajibu yote vizuri. Afisa anaandika huku anapiga mluzi mdogo. Kisha, bila hata kuinua macho, akauliza.

"Babu yako mzaa mama alizikwa wapi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini nilipoinua uso ili nilitoe, nikakutana na yule mgebuka, kofia yake, adabu zake. Alikuwa amekaa mahali pangu. Na kilichonitoka sikukipanga.

"Hakuzikwa, afande. Alichomwa moto ndani ya nyumba yake. Walifunga mlango kwa nje."

Afisa akanitazama, akamtazama Thobias, akageuka akatazama picha ukutani. Halafu akapiga meza kwa kiganja, akaangua kicheko, mwili mzima unamtikisika. "Mama! Mama, na wewe! Kumbe nyumba nzima ni wachekeshaji!" Akamwita mwenzake chumba cha pili. "Hebu njoo, njoo usikie huyu mama! Mama, rudia."

Nikamtazama Thobias. Nilisema moyoni, sasa hivi atasimama. Haki ya Mungu, nilisema hivyo. Thobias alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati.

Nikarudia. Unajua kwa nini nilirudia? Nilifikiri wakisikia mara ya pili watasikia. Nikasema polepole, nyumba, moto, mlango. Yule wa pili akashika kizingiti akacheka, akasema, "Afadhali ya mgebuka, yeye alipata na mafuta."

"Sawa, sawa," afisa akasema, anahema. "Tusicheze na kazi. Hapa tuandike Mwamgongo, au siyo?"

"Mwamgongo, afande," akajibu Thobias kwa niaba yangu. "Karibu na kanisa."

Muhuri ukapigwa. Wengine pale nje walikuwa wanarudi mara ya nne, ya tano, mimi nikapitishwa na kicheko siku moja.

Njiani Thobias hakunyamaza. Umewaua, mama Catherine. Ule uso mkavu uliouweka! Mimi ningeshindwa, ningecheka katikati. Nilitembea mbele yake. Nilikuwa na karatasi yangu yenye muhuri ndani ya pochi, na furaha niliyoingoja nikaitafuta mwilini mwangu nisiione.

Jioni nikamkuta ameinama mezani, ulimi nje, anachora. Nikasogea. Alikuwa amemchora mwanamke mbele ya meza ya afisa, na kilemba changu, kitenge changu, ule mwanya wangu wa meno. Kwenye puto la maneno alikuwa ameshaandika, "Alichomwa, afande." Nyuma, afisa amelala chini kwa kicheko, miguu juu.

"Hii itapita ile ya mgebuka," akasema. "Niongeze nini hapa? Naona pana nafasi."

"Ongeza nyumba."

"Nyumba?"

"Ya udongo, ya nyasi. Iwashe moto. Chora mlango, uufunge kwa nje. Ndani muweke mzee, miguu imepooza. Anaitwa Ntirampeba."

Alianza kucheka, kicheko kikakwama. "Unatania."

"Mimi na wewe nani mtani humu ndani?"

Akaweka kalamu chini. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?" Sauti yangu ilipanda, Veneranda akasikia kwake, na asikie! "Lile swali umelichora likafika Dar. Likawekwa kwenye fremu. Nchi nzima inaulizana, babu yako alizikwa wapi. Hapa mezani, Thobias, mimi nakukaangia samaki, wewe unakula, uliniuliza siku gani?"

Alikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa kipande kidogo, akatoka akaketi kwenye ngazi. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Alikuwa anafananaje?"

"Sijui," nikamwambia. "Waliobaki ni waliokimbia, na hawakubeba picha."

Na hapo nililia kwa uwazi, bila kitunguu.

Kesho yake alikwenda ile ofisi kuomba arudishiwe mgebuka. Walifikiri ni mzaha mwingine. Alipong'ang'ania wakafikiri anataka aongezwe pesa. Wakamwambia picha ni mali ya watu sasa, wananchi wanaipenda, kisha wakampigia makofi ya kumsindikiza. Alirudi mikono mitupu, amesinyaa, na mimi sikujua nimpe pole au nimtukane. Nikampakulia chakula.

Kitambulisho kilitoka ziwa lilipofunguliwa. Thobias akasema twende wote Tabora. Nikamkatalia. Nikamwambia abaki na mabango yake, mimi nataka kwenda peke yangu mahali nilipokatazwa kufika. Alinibebea mzigo hadi stendi. Alinipangia mifuko chini ya kiti, akashuka, akasimama dirishani. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, nilimwona kikija, akakimeza.

Kwenye kizuizi basi likasimama. Lile benchi la mbao lilikuwepo bado. Akaingia kijana mmoja wa sare, mpole tu, anapita kiti kwa kiti. Akafika kwangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikampa kitambulisho. Akakisoma, akatabasamu.

"Kigoma! Enhe mama, babu yako alizikwa wapi?"

Watu wakageuka. Kila mtu ana simu siku hizi, kila mtu amemwona yule mgebuka. Niliona meno yao tayari, wote wanangoja nimalizie, mama mmoja kiti cha mbele ameshaanza kucheka. Kijana naye anangoja, kitambulisho changu mkononi, kwa furaha kabisa, hana ubaya wowote.

Ukweli wangu nilishawahi kuutoa mara mbili, nikaona ulivyopokelewa. Sikumtoa babu tena wamcheke.

"Mwamgongo, mwanangu," nikasema. "Karibu na kanisa. Watoto wake wote walikuwepo. Ana msalaba wa mbao, na ukisimama pale unaliona ziwa lote mpaka milima ya upande wa pili. Mama yangu alikuwa akipalilia yale majani kila Jumamosi."

Hakuna aliyecheka. Kijana akashusha macho, akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Samahani, mama," akasema. "Safari njema."

Basi likaondoka. Machozi yalianza tukiwa bado hatujapita vumbi la kile kizuizi, na sikuyazuia, sikujificha hata kwa upande wa kitenge. Bibi niliyekaa naye alinitazama kwa muda, kisha akanishika goti.

"Umefiwa, mwenzangu?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Babu yangu."

"Yoo, pole. Mmezika lini?"

"Leo," nikamwambia.

Akanipa pole tena, akavuta kikapu chake upande wake ili nikae vizuri.